Magari ya familia ya Mwingereza: kwao ya mwalimu, India ya waziri, kwetu yameishia chini ya mwembe. Kwa nini?

#1 Ngamiani_Kati (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge nje ya Tanga. Alinunua Morris Minor iliyokwisha kutumika, ile ya kioo cha mbele vipande viwili, na bodi lake lipo mpaka leo nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Wiki iliyopita binamu yangu kaleta mtu wa vyuma chakavu. Nimewafukuza wote wawili, na tangu siku hiyo nasoma habari za magari haya usiku kucha.

Kinachonisumbua ni hiki. Morris, Austin na Hillman kwao yalikuwa magari ya mwalimu na mwenye duka. India wakaichukua Morris Oxford, wakaiita Ambassador, wakaitengeneza Uttarpara karibu na Kolkata tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 2014, na mawaziri wakaipanda. Iran wakaichukua Hillman Hunter, wakaiita Paykan, ikatoka kiwandani kuanzia 1967 hadi 2005. Marekani waliyanunua kwa muda mfupi kisha wakayapa kisogo. Kwetu Peugeot, Volkswagen na Mjapani wakayafuta barabarani.

Hoja yangu: gari ni lile lile, kilichotofautiana ni nani alikuwa na spea. Nchi iliyojitengenezea spea ililipenda. Nchi iliyosubiri meli ililichukia. La babu nalo naamini lilikufa kwa kukosa spea. Mnasemaje?

#2 MzeeWaSpana

Kijana, pole kwa kuku. Nimeshika spana Arusha zaidi ya miaka 40, nikwambie: spea ni jambo la pili. La kwanza ni injini.

Zamani serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya gari kwa kupima upana wa silinda. Urefu wa stroki, yaani safari ya pistoni juu na chini, haukuhesabiwa. Kwa hiyo wakatengeneza silinda nyembamba kama chupa na stroki ndefu. Morris Minor ya kwanza, ya 1948, ilikuwa na injini ya cc 918: upana milimita 57, stroki milimita 90. Sasa weka Volkswagen ya 1200 pembeni: upana 77, stroki 64. Peugeot 404: upana 84, stroki 73. Umeona? Stroki ndefu maana yake pistoni inasafiri njia ndefu kila mzunguko. Ukienda mjini na kurudi, haina neno, tena inavuta vizuri kwa gia kubwa. Ukiikanyaga saa nyingi mfululizo Arusha hadi Dar, maberingi ya konrodi ndiyo yanayolipa ile kodi.

#3 mla_urojo

Shukran Mzee, ila umesema mwenyewe: mjini na kurudi. Sisi Unguja ndiyo maana hatukuwa na ugomvi nayo. Ukitoka Mjini mpaka Nungwi umefika mwisho wa dunia na injini haijatoka jasho. Marehemu baba alikuwa na Austin Cambridge ya kijani. Viti vya ngozi, na mlango ukiufunga unasema "tuf", siyo "kwaa" kama hizi za leo. Ukifungua ufunguo unasikia pampu ya mafuta ya umeme inagonga tak-tak-tak, halafu inanyamaza. Hapo baba anasema, "Tayari kashiba," ndiyo anapiga stata. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu zile tak-tak.

Kwetu lilikuwa gari la heshima. Bwana harusi alikuwa analiazima.

#4 Kaloleni_Boy

Wakuu, mnasahau vumbi na mashimo. Hizi gari zilichorwa kwa barabara ya lami ya vijiji vya Uingereza. Hapa Kenya mtihani wa gari ulikuwa Safari Rally, na kila mtu alisoma matokeo kabla ya kununua. Tazama waliochukua ushindi: 1962 Volkswagen, 1963 Peugeot 404, 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant kwa Volvo, 1966 hadi 1968 Peugeot 404 mara tatu mfululizo. Na 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu! Baba wa mwalimu wangu alisema Pijo zilianza kuonekana mtaani kama uyoga baada ya hapo. Gari ilishinda Jumatatu ya Pasaka, Jumanne watu wako shoruumu.

#5 BintiKilindini

@Kaloleni_Boy umeruka 1964 kama aliyeruka mfereji. Mwaka huo walishinda Peter Hughes na Billy Young kwa Ford Cortina GT. Cortina ni gari la familia, limetengenezwa Dagenham, Uingereza. Mtihani walifaulu.

#6 Kaloleni_Boy

Ford ni Mmarekani bana.

#7 BintiKilindini

Nembo ya Mmarekani, mikono na michoro ya Mwingereza. Au kitenge ukishonewa Mombasa kwa mashine ya Mjapani kinakuwa kimono?

#8 Mwl_Mstaafu_Iringa

Hahaha, dada kamaliza. Ongezeeni na 1968: Hillman Hunter ilishinda mashindano ya London hadi Sydney, dereva Andrew Cowan. Gari lile lile la familia ambalo Iran waliliita Paykan. Kwa hiyo si kweli kwamba hayakuweza barabara mbovu.

Nina sahihisho kwa MzeeWaSpana pia, kwa heshima zote. Kodi ile ya upana wa silinda iliondolewa na mwaka 1948 ulipoanza ilikuwa imekwisha. Injini ya cc 918 ilirithiwa kutoka gari la kabla ya vita, Morris Eight, na kuanzia 1952, Austin na Morris walipoungana kuwa BMC, Minor ikapewa injini ya Austin yenye valvu juu. Huwezi kuilaumu kodi kwa magari ya miaka ya 1960.

#9 MzeeWaSpana

Mwalimu, asante, lakini sheria ikifutwa mazoea hayafutwi. Injini ya cc 1489 iliyoingia kwenye Morris Oxford na Austin Cambridge ilikuwa na upana wa milimita 73 na stroki 88.9. Kodi imeondoka, stroki ndefu imebaki. Mashine za kiwandani zilikuwa zimeshanunuliwa, na wahandisi walikuwa wameshazoea.

#10 Pune_96

Sasa mbona injini hiyo hiyo ya 1489 imebeba India miaka na miaka? Nilisoma Pune miaka ya tisini, Watanzania tulikuwa wengi. Mara ya kwanza kupanda Ambassador tulikuwa saba pamoja na dereva na masanduku yote juu. Kiti cha mbele ni benchi moja, gia ipo kwenye usukani, kwa hiyo mbele tunakaa watatu na magoti hayagongani na kitu. Barabara ina mahandaki, gari linapanda na kushuka kama jahazi, halilalamiki. Dereva alikuwa mzee mwenye kilemba. Akasema, kwa Kihindi chake nilichoanza kukielewa, kwamba fundi wa gari hili yupo chini ya kila mti.

Hiyo ndiyo sababu yangu: mafundi chini ya mti. Halafu lilikuwa jeupe, na lenye taa nyekundu juu likipita watu wanasogea. Polisi, mkuu wa wilaya, waziri, wote humo. Mawaziri wakuu waliendelea nalo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipohamia BMW isiyopenya risasi. Mwingereza angeshangaa kuona gari la karani wake limekuwa gari la dola.

#11 Ngamiani_Kati

@Pune_96 umenisaidia. Spea na mafundi, ndiyo hoja yangu.

#12 Pune_96

Siyo yote mkuu. India walikuwa wamefunga milango, magari ya nje hayaingii. Ukitaka gari jipya kulikuwa na Ambassador, Fiat iliyotengenezwa Bombay na Standard ya Madras, basi, na foleni ya kusubiri ni miaka. Maruti ya Suzuki ilipokuja 1983 watu walikimbilia huko. Sasa huo ni upendo au ni kukosa pa kwenda? Mimi mwenyewe sina jibu, ila kwenye ile benchi niliona upendo.

#13 Talib_Qum

Salaam. Nimeishi Qum miaka sita kwa masomo, nawaletea la Iran. Paykan maana yake mshale. Ilianza kwa vipande kutoka Coventry, kisha wakatengeneza zaidi na zaidi wenyewe mpaka Mwingereza alipoacha lake na wao wakaendelea. Mwaka wa mwisho wa miaka ya 1970 wakapindua serikali, wakabadili mpaka majina ya mitaa, lakini gari la Mwingereza wakabaki nalo. Hakuna aliyeliona la Mwingereza tena. Niliwahi kumwambia mwenye nyumba wangu kwamba Paykan ni gari la Kiingereza, alikasirika. Akaniambia, "Hili ni la kwetu, babangu alinifundishia udereva humu."

Miaka ya mwisho walilaumu kwamba linakunywa petroli na linachafua hewa ya Tehran, ni kweli. Ila siku ya bi harusi au ya maiti, Paykan ndiyo iliyokuja mlangoni.

#14 Kaloleni_Boy

Hapo sasa kuna kitu. Labda sisi tuliyaacha kwa sababu yalinukia mkoloni? Uhuru umekuja, nani anataka kuonekana kwenye gari ya bwana shauri.

#15 mla_urojo

Na India hakutawaliwa? Tena zaidi ya karne.

#16 Mwl_Mstaafu_Iringa

@Kaloleni_Boy nakuunga mkono nusu. Bwana shauri mwenyewe alikuwa anapanda Landrova. Austin ndogo na Morris Minor zilikuwa za karani, mganga msaidizi, mchungaji, mwenye duka wa Kihindi. Mimi nikiwa mtoto gari la kwanza kuligusa kwa mkono lilikuwa Morris ya mchungaji wetu. Lilikuwa na vimkono viwili vya kuonyesha njia, vimefichwa kwenye nguzo kati ya milango. Akitaka kukata kushoto kamkono kananyanyuka, kana taa ya rangi ya chungwa ndani. Tulikuwa tunamwomba akate kona hata pasipo na kona. Hatukuona mkoloni pale. Tuliona mtu aliyesoma.

#17 Toronto_Mswahili

Huku Kanada ukiwauliza wazee wanasema maneno mawili: baridi na chumvi. Baada ya vita waliyanunua kwa wingi, Austin A40 hasa, kwa sababu magari ya Marekani yalikuwa hayatoshi. Uingereza nayo ilikuwa inauza nje kwa nguvu zote: viwanda vilipewa chuma kwa kadiri vinavyosafirisha. Mwaka 1950 zaidi ya nusu ya magari yote yaliyosafirishwa nje duniani yalitoka Uingereza. Fikiria, zaidi ya nusu! Halafu ikaja Januari ya huku, injini haiwaki, hita haitoshi, na ile chumvi ya barabarani inakula sakafu mpaka unaona lami kati ya miguu yako.

Volkswagen alikuja nyuma yao, lakini alijenga maghala ya spea na kufundisha mafundi. Kwa hiyo mwanzisha uzi ana haki yake. Jirani yangu hapa, mzee wa miaka 80 na kitu, hanunui chochote cha Mwingereza hata chai.

#18 Ngamiani_Kati

"Hata chai" 😂 Asante kaka.

#19 Mwenye_Uchungu

Naingia kwa hasira kidogo, mtaniwia radhi. Marehemu mzee wangu alikuwa na gari la kampuni moja, sitalitaja jina. Mwaka 1978 likavunjika ekseli. Akaenda kwa wakala, akaambiwa spea ipo melini. Akarudi mwezi wa pili, ipo melini. Miezi 11 wakuu. Mama yangu alikuwa anamchekea, "Hiyo meli imezama." Mwishowe fundi mmoja wa mtaani akachonga ekseli kutoka kwenye chuma cha lori kuukuu, likatembea miaka mitano mingine. Gari halikuwa baya. Tuliachwa. Nikisikia mtu anasema magari yale hayakufaa Afrika, napandwa na damu.

#20 MzeeWaSpana

Pole mwanangu. Huyo fundi angenifaa.

#21 Datsun_Damu

Mimi nina jambo litakalowashangaza. Mjapani aliyemfukuza Mwingereza hapa kwetu, alifundishwa na Mwingereza! Nissan walisaini mkataba na Austin 1952, wakaunganisha A40 kisha A50 Cambridge palepale Japani. Isuzu wakafanya hivyo na Hillman Minx. Kwa hiyo Datsun 1600 iliyoshinda Safari 1970 na Herrmann ni Austin iliyovaa kanzu nyingine.

#22 Mwl_Mstaafu_Iringa

Nusu ya kwanza sahihi kabisa, nusu ya pili hapana. Iliyotokana na Austin ni injini ya Datsun 1000 ya mwaka 1957: waliifupisha stroki ya ile injini ya Austin. (MzeeWaSpana atafurahi kusikia dawa yao ilikuwa kufupisha stroki.) Injini ya hiyo Datsun 1600 (SSS) ilikuwa na kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, juu ya hedi, kazi ya Nissan wenyewe. Na Datsun hiyo ya 1000 ilishinda daraja lake kwenye mashindano ya kuzunguka Australia 1958.

#23 MzeeWaSpana

Nimefurahi sana. Nalala vizuri leo.

#24 BintiKilindini

Lakini Mwalimu, hapo umewapa nguvu wote wawili, wa stroki na wa spea. Mjapani alifupisha stroki NA akaleta spea kwa wakati. Tutajuaje kipi kilimpa ushindi?

#25 Datsun_Damu

Nimesahihishwa, asante Mwalimu. Ila nasimamia hili: Japani hawakuliona gari la Mwingereza kama la waziri wala la mkweche. Waliliona kama kitabu cha shule. Ukimaliza darasa unakifunga.

#26 Gothenburg_Tu

Huku Uswidi Mini, gari dogo jingine la Mwingereza, waliiita hundkoja, yaani kibanda cha mbwa. Siyo tusi, wanalisema kwa mapenzi. Jirani zao Denmark waliiuza kwa jina la Morris Mascot. Na kule Denmark ile Morris 1100 iliitwa Morris Marina, miaka kadhaa kabla Waingereza hawajatoa Marina yao nyingine kabisa! Mkisoma habari za Marina angalieni msichanganye.

#27 Kaloleni_Boy

Mimi nilikuwa nimeshachanganya. Asante.

#28 Ami_wa_Muscat

Assalaam alaykum. Sisi tuliotoka Zanzibar tukaja Oman tuliyaacha magari haya kule na hatukuyakuta huku. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na lami ya kilomita 10 hivi. Penye mchanga na mawe ni Landrova na punda. Lami ilipofika, Mjapani alikuwa ameshawasili na kiyoyozi. Kwa hiyo Muscat haikumpenda wala kumchukia Mwingereza wa gari dogo, walipishana mlangoni. Mjomba wangu alipofika 1974 aliulizia Austin ya kununua, wakamtazama kama anayeulizia meli ya tanga. Mpaka anakufa alikuwa akipanda Toyota anatafuta ufunguo mahali ulipokuwa kwenye Austin yake.

#29 mla_urojo

Ami umeniliza.

#30 Mwl_Mstaafu_Iringa

Tukirudi kwa Morris ya mwanzisha uzi. Ndugu, nenda ukatazame boneti. Aliyelichora, Alec Issigonis, alipoona gari la majaribio limekaa jembamba mno, aliamuru likatwe katikati kwa urefu na nusu mbili zisogezwe mpaka macho yake yaridhike. Zilifika inchi 4. Wakati huo bampa zilikuwa zimeshatengenezwa, kwa hiyo za mwanzo nazo zilikatwa na kuungwa kipande katikati. Kwenye boneti ule upanuzi umebaki: kuna mkanda bapa ulionyanyuka unaotoka kwenye kioo mpaka mbele. Bwana Nuffield mwenye kampuni hakulipenda, inasemekana alilifananisha na yai lililopikwa bila ganda. Hilo yai likawa gari la kwanza la Kiingereza kufikisha milioni moja.

#31 BintiKilindini

Kumbe hata kwao kulikuwa na aliyelidharau. Na mwenye kiwanda!

#32 Ngamiani_Kati

Wakuu nimekwenda leo. Nimewatoa kuku, nimefagia majani, nimemwagia ndoo mbili za maji. Mkanda upo. Nimeupima kwa tepu ya fundi cherehani: inchi 4 kasoro kidogo. Nimeupapasa kwa kidole kutoka kioo mpaka puani, rangi ya kijivu bado ipo pale kwenye kona ambapo mvua haifiki.

Shangazi yangu mkubwa alikuwa amekaa barazani ananitazama. Nikamwambia nasikitika gari lilikufa kwa kukosa spea. Akasema, "Nani kakwambia? Gari lilikuja hapa kwa miguu yake. Babako mkubwa ndiye aliyelirudisha nyuma likaingia chini ya mwembe, siku daktari alipomwambia babu yako macho yamekwisha." Babu alikataa lisiuzwe. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa anaongozwa, anakaa nyuma ya usukani, wanamfungulia ufunguo asikie ile pampu. Mpaka betri ilipoisha.

Sasa sijui niandike nini kuhusu hoja yangu ya spea. Kwa nchi nzima bado naiamini. Kwa mwembe wetu sivyo.

#33 mla_urojo

Tak-tak-tak. Subhanallah.

#34 Kaloleni_Boy

Bro, usiuze hiyo gari.

#35 MzeeWaSpana

Mwanangu, kama liliingia hapo likitembea, injini inaweza kuwa hai. Usipige stata, usilisukume. Toa plagi zote nne, mwagia oili nyembamba kila silinda, kijiko cha chai kimoja, uiache siku tatu. Halafu chini ya bampa kuna tundu la hendeli. Ingiza, geuza polepole kwa mkono mmoja, dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, likikurudi lisikuvunje. Ukisikia imekaza, acha, ongeza oili. Ikizunguka nipigie kelele hapa, nitapanda basi la Tanga.